Mstari Uliopinda

Tulianza kupanda saa kumi na mbili na robo,
mimi na mpwa wangu Hiza, mwenye miguu ya mbuzi
na simu inayomlilia mfukoni kama kifaranga.
Goti langu la kushoto lilikwisha kutoa taarifa
kabla hatujaipita nyumba ya mwisho,
pale mama mmoja alipokuwa akipanga fyulisi
mafungu mafungu juu ya gunia.
"Mwaenda kutafuta nini huko?"
Hiza akanitazama. Nikasema: "Miti."
Akacheka mpaka fungu moja likabomoka.
Miti! Kana kwamba Lushoto imepungukiwa.

Misonobari haina makaribisho.
Msitu wa asili hukupokea kwa fujo,
mbega, upupu, maji ya kudondokea shingoni.
Huu umesimama paredi, umebana midomo,
na sindano zake chini zimemeza kila hatua.
Ukianguka, unaanguka kimya kimya.
Nilianguka mara mbili.

Baba ndiye aliyeipanda.
Si yote. Kipande tu, upande unaotazama mji,
kibarua namba kumi na tisa,
mwaka ule wa kula unga wa yanga.
Kopo la mche, shimo, kamba yenye mafundo;
hatua tatu, fundo,
hatua tatu, fundo,
na Bwana Miti nyuma yao, jicho moja amelifumba,
akipima unyoofu kama mtu anayelenga swala.

Mzee Shemndolwa hakuwa msemaji.
Habari ya kuzaliwa kwangu alinipa mara moja,
akikata kucha barazani:
"Mtu aliniita toka bondeni, mama yako kajifungua.
Nilikuwa mstari wa saba. Nikageuka, mkono ukacheza.
Nenda kaangalie. Umepinda."
Akaendelea na kucha.

Sikwenda.
Nilikuwa Tanga mjini nikihesabu mifuko ya saruji,
na mlima, nilidhani, hauna pa kwenda.
Tukamzika. Kisha nikasikia wanavuna.

Tulijua tumefika kwa sababu ya jua:
lilikuwa limekaa pahali pasipo pake,
chini kabisa, juu ya visiki.
Utomvu bado unatoka, mweupe, mzito,
harufu yake kali kama dawa ya kidonda.
Hiza alirukaruka kisiki hadi kisiki akihesabu kwa sauti.
Nne. Tano. Sita.
Wa saba ulikwenda sawa mpaka katikati,
halafu ukajitenga kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina
akageuka nusu, akakumbuka yuko kazini.

Nilitaka kusema neno.
"Mjomba," Hiza akaniwahi, "kuna jiwe hapa."

Lilikuwepo. Kubwa, la ukubwa wa ndama aliyelala,
lina kuvu mgongoni.
Mpandaji yeyote angelizunguka.

Nikalikalia. Chini yetu mji umejikunja bondeni:
mabati, mnara, moshi wa jiko la hoteli,
na nyuma ya hospitali mtu anaanika mashuka,
moja, jingine, jingine, hachoki.

Nikamwambia Hiza ashuke mpaka ukingo wa mashamba ya kabichi
asimame pale, aniite.
"Nikuite? Si uko hapa?"
"Shuka."
Akashuka akinung'unika, nikabaki na fimbo mkononi
nimeichomeka ardhini, penye kisiki kabla ya jiwe,
nimeinama kama mtu mwenye mche.

Muda ukapita. Goti likauma. Nzi akatua, akaondoka.

Kisha ikaja, nyembamba, imechujwa na umbali:
"Mjombaaa!"

Nilikuwa naingoja.
Masikio yote mawili nilikuwa nimeyafungua kwa ajili yake.
Na bado niligeuka,
na fimbo ikateleza mkononi,
ikachora ardhini kitu kisichonyooka.

Jiwe lilikuwa palepale, halikusema.
Nilishuka na utomvu kwenye suruali.
Mpaka leo sabuni imeushindwa.