Kurasa Zilizogandana

Mto Nyamwamba uliposhuka na mawe yake
ulipita jikoni kwangu bila kubisha hodi.
Ulichukua kuku, sufuria, mlango wa choo,
ukaiacha Biblia chini ya kitanda
imevimba kama mkate uliolala ndani ya chai.

Ilikuwa ya marehemu Masereka,
ya Kiswahili, lugha ya shimoni,
ya wachimba shaba waliotoka kila upande.
Niliirithi pamoja na buti moja na deni dukani.
Nikaianika siku kumi na moja,
nikiigeuza kama muhogo.

Zamani nilisoma kwa mbio: sura tatu kwa siku,
alama ya vema kwenye karatasi ya kanisa,
mradi Kyakimwa wa kwaya asinipite.
Sasa kila ukurasa umemng'ang'ania mwenzake.
Naupenyezea kisu butu, polepole,
saa kumi za usiku, kabla ya zamu,
taa ya sola ikififia, Kilembe yote imelala
isipokuwa mto, usio na haya.

Juzi kisu kilifungua jangwa.
Nusu ya habari imeliwa na tope,
wino wa upande huu umehamia upande ule,
maneno yamekaa kinyumenyume
kama nyuzi nyuma ya kitambaa cha kudarizi.
Lakini yule kijakazi alionekana,
mjamzito, kando ya chemchemi,
yule ambaye bwana na bibi yake
hawakumtaja ila kwa kazi yake.
Aliyemkuta pale alimwita kwa jina.
Kisha akataka kujua anatoka wapi,
na wapi anakwenda.

Nikasimamisha kidole.

Hospitalini mimi ni Mashuka.
Mashuka, wodi ya wazazi!
Mashuka, damu hii mbona haijatoka!
Mwaka wa tisa huu.
Na pale mezani nikasikia,
si kwa sikio, nisije nikasema uongo:
Ithungu.
Jina la binti wa tano,
alilonipa mama akiwa amechoka kuhesabu.

Sikupiga magoti. Magoti yangu mabovu.
Nilijibu tu, kama mtu anavyojibu mlangoni:
Natoka mtoni, Bwana, na wewe ulikuwepo.
Nakwenda kufua.
Nikataka kumuuliza buti la pili liko wapi.
Swali halikuja, yalikuja machozi,
nikayakinga kwa kiganja yasidondoke karatasini;
kitabu hiki kimeshakunywa maji ya kutosha.

Tukakaa hivyo.
Hakunijibu.
Wala hakuondoka.

Jogoo wa jirani alipowika niliubana ukurasa
kwa kibanio cha nguo, chekundu,
nisije nikasahau tulipoishia.
Unaofuata bado umegandana.
Nimeugusa pembeni kwa kucha,
kidogo tu, kama unavyogusa bega la mtu
usiyetaka kumwamsha.