Safu ya Tatu

Langoni, kijana wa sare alimdai Dhadho kiingilio.
Dhadho akamtazama kama mtu aliyerudi sokoni
akakuta mgeni ametia kufuli mlango wake.
"Kitovu cha babangu kimezikwa humu," akasema.
"Kamdai yeye."
Nikalipa mimi. Tiketi mbili, nikazibana ndani ya daftari.

Daftari nilikuwa nimelipigia mistari usiku, kule Malindi, kwa rula:
Jina. Sehemu itumikayo. Hutibu nini.
Mwalimu ni mwalimu hata porini.

Si ajuza huyu. Ana miaka arobaini na moja,
viatu vya plastiki, simu yenye ufa,
na mwendo ambao majani makavu ya mrihi hayausikii.
Wangu ulisikika hadi Gede.

Mkingiri: mizizi: tumbo la kuhara.
Mkone: majani: jipu.
Naandika, natoka jasho, naandika,
mara kiganja chake kikanisimamisha kifuani.

Sange.
Pua kama kipande cha mkonga alichokisahau ndovu,
makalio kama yameketi kwenye rangi ya dhahabu kabla haijakauka.
Akapekua, akatuona, akachapa mkia chini,
tap, tap, tap,
akawa hayupo.
"Ametusema," Dhadho akanong'ona.
"Sasa msitu mzima una habari zetu."

Tukafika kwenye mti mwembamba wa kijivu,
hauna ua, hauna tunda, hauna hata harufu.
Akaugusa akipita, kama unavyomgusa mtu bega msikitini.
Nikachomoa kalamu. "Huu nao hutibu nini?"
"Hautibu."
"Basi niandike nini?"
"Jirani yako wa mkono wa kushoto,
yeye hutibu nini?"

Safu ya tatu ikabaki nyeupe.

Babake alikuwa mtu wa upinde.
Kwa ndovu mmoja alifungwa miezi minane,
akarudi na kikohozi na hakuingia tena humu;
aliuliza, nikaingie kama nani?
Maneno ya upinde akaondoka nayo.
Dhadho anayajua saba.
Alinihesabia kwa vidole, polepole, kwa Kiwaata,
na kidole cha nane akakikunja,
akakitazama,
akakitia mfukoni pamoja na mkono.

Wakati wa kuagana alinibandulia gamba la mjafari,
akikwepa miiba bila kuiangalia.
"La hicho kikohozi chako. Umekificha tangu asubuhi."

Usiku, Malindi, pikipiki zikinguruma nje,
nimelitafuna.
Uchungu kwanza, kisha kama ndimu, kisha midomo ikafa ganzi,
na ulimi nao.
Nikafungua daftari niyasome yale maneno saba kwa sauti,
nisije nikayapoteza nami.
Ulimi ukakataa.
Nikabaki nayo mdomoni,
mazito,
hayatoki, hayamezeki.