Nauli ya Kurudi

Karatasi ya wito imesomwa mara nne leo.
Kwanza Perisi mwenyewe, kimya, amesimama mlangoni.
Kisha baba, kwa sauti ya kanisani,
akitua penye kila mkato kama anayesoma ahadi:
bukta ya bluu yenye mpira kiunoni,
raba, shuka mbili, soksi nyeusi ndefu,
nauli ya kwenda na kurudi.

Bibi akaacha kupepeta uwele.
"Rudia hapo."
Baba akarudia.
"Chilewa hawakumwambia achukue ya kurudi."

Sisi wajukuu tunamjua Chilewa kwa msumari.
Uko ukutani, juu ya mtungi.
Mwaka wa Kagera alitundika hapo shati la shamba,
lina jasho, lina tope la mbugani,
akasema, dada, nitalifua nikirudi.
Shati lililiwa na mchwa, kola ikawa ya mwisho.
Msumari haujatundikwa kitu tena.

Baba amebadilika mwendo.
Jana dukani alikopa sukari kilo mbili
bila kuinamisha kichwa.
"Binti yangu ni askari," alisema, ingawa bado,
ingawa ni bukta tu na shuka.
Usiku nilimsikia zizini akihesabu ng'ombe.
Tunao wanne.
Alihesabu muda mrefu.

Mama ameuza mbuzi jike, akanunua raba mpya
zinazozidi mguu kwa vidole viwili,
kama anavyonunuliwa mtoto ambaye bado anakua.
Asubuhi anasema, nenda mwanangu, hapa kuna nini,
mvua yenyewe inapita ikitutazama.
Jioni anamuuliza kama kichwa hakimuumi,
kama hahisi homa.

Na mimi?
Mimi nilipimwa mara mbili pale uwanjani.
Mara ya kwanza wakaniambia unyayo wangu ni bapa, kaa pembeni.
Mara ya pili nilikimbia mpaka nikatapika,
wakatazama cheti: umri umepita kwa miezi miwili.
Perisi alikimbia na raba zangu,
amejaza matambara mbele ya vidole.
Jina lake liliposomwa nilipiga makofi.
Mkono mmoja ulichelewa kidogo.

Jana mama alimfumua nywele, msuko kwa msuko,
taratibu, kama anayetafuta kitu alichokificha humo.
Kisha akanipa wembe. "Wewe una mkono mwepesi."
Nikanyoa.
Juu ya sikio la kushoto nikalikuta kovu,
jeupe, dogo kama punje ya mpunga:
jiwe langu, tulipokuwa tunachunga ndama,
mwaka ule ndama walipoingia shamba la watu.
Alimwambia baba ameanguka.
Hata leo baba anajua ameanguka.
Wembe ukasimama.
"Endelea," akasema. "Wataniuma mbu."

Nauli ya kwenda ameifunga kwenye leso.
Ya kurudi mama ameishona ndani ya pindo la bukta,
na bibi, ambaye macho yake hayaoni tena uzi,
amepapasa kila mshono kwa kidole gumba
akasema ongeza hapa, na hapa.

Kabla hatujaondoka Perisi alivua gauni lake la mauamaua,
akaunyooshea mkono ule msumari.
Bibi hakupaza sauti.
"Lifue kwanza."
"Bibi, treni."
"Treni ya Kigoma haijawahi kuwahi. Lifue.
Usiniachie kazi ya kungoja."

Akalifua gizani, bomba la sabuni likimteleza,
kichwa kipya kiking'aa chini ya mbalamwezi,
nikamsaidia kulikamua, yeye huku, mimi kule,
tukilisokota mpaka likatoa tone la mwisho,
na hatukusema yale niliyopanga kusema.

Kituoni baba alimpigia saluti, akakosea mkono.
Tulicheka wote. Mama alicheka muda mrefu kuliko wengine,
mpaka ikabidi bibi amshike bega.

Gauni tuliliacha kwenye kamba.
Kwa upepo huu wa Bahi lilikauka
kabla treni haijafika Manyoni.
Hakuna aliyekwenda kulianua.