Mkono wa Kalunde

Alikuja Isevya saa nne, Jumanne, na barua ya mkuu wa pori
imekunjwa mara nne, muhuri umeingia jasho.
Akafungua kitambaa juu ya benchi langu
kati ya patasi na kikombe cha chai.
Kabla sijauliza, akaisukuma silinda ubavuni
nione mwenyewe: matundu sita, matupu,
kama mzinga uliohamwa na nyuki.
"Mzinga," nikamwambia, "una maana mbili."
Hakucheka. "Mpini ni mkubwa," akasema.
"Aliushika Mgalula miaka kumi na tisa,
na mkono wa Mgalula ulikuwa sinia."

Mimi fundi wa vitanda, Mungu anajua.
Vitanda, milango, mipini ya majembe msimu ukikaribia,
mara moja mguu wa mtu, wa mninga, yule aliyekatwa na treni.
Bastola, hapana.
Lakini mkono ni mkono. Nikamwomba ashike.

Kidole cha shahada kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu,
kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani.
Vingine havikuzunguka.
"Ikipiga inageuka, inanipiga hapa,"
akanionyesha chini ya dole gumba
uvimbe wa rangi ya zambarau.

Shibiri haitoshi, na futi ya chuma haijui nyama.
Nikachukua donge la nta ya Sikonge, nikaliweka juani likalegea.
"Kaza," nikamwambia, "ila bila hasira.
Shika kama unavyomshika mgonjwa anayevuka barabara."
Alipoachia, nta ilibaki na mabonde manne,
na katika bonde la tatu, katuta kembamba
mahali pete ilipokuwa imekaa miaka.
Sikuuliza.

Akataka mpingo. Kila mtu anataka mpingo.
Mpingo huteleza kiganja kikilowa,
na chako kitalowa, mama, siku hiyo ikifika.
Nikatoa kipande cha mkurungu, mguu wa kitanda
cha harusi iliyovunjika, mwenyewe hakurudi kuchukua.
Sizya, mwanafunzi wangu, akapasuka:
"Kitanda kimekuwa bunduki!"
Nikampa msasa, mikono ipate kazi, mdomo upumzike.

Siku tatu. Tupa, msasa, msasa laini, mafuta ya nyonyo.
Nikala mgongo wa mpini uzi kwa uzi
ili kidole kifike kwa nyama ya pingili ya kwanza,
si ncha, si kiungo.
Chini nikaacha urefu kidogo; kidole cha mwisho nacho kina haki yake.
Kila nikipunguza najaribu kwenye nta, inakataa,
napunguza, inakataa,
hadi Alhamisi jioni ikakubali.

Hapo ndipo nikaogopa.
Maana jembe likikaa vyema mkono hulisahau,
mtu analima mpaka giza akiwaza deni la mbolea.
Randa yangu mwenyewe siihisi tena, ni kama kucha.
Jembe na lisahauliwe. Randa pia.
Lakini hiki?

Basi pahali pamoja, chini ya kidole cha pete,
ukubwa wa punje ya mtama,
sikupitisha msasa.

Aliporudi akashika, akafumba macho, akainua kuelekea ukutani
pasipo na kitu ila kalenda ya mwaka juzi.
"Umekaa," akasema.
Kisha: "Hapa panakwaruza."
"Najua."
Akanitazama. Kule stesheni garimoshi likapiga honi, likanyamaza,
likapiga tena.
Akalipa elfu thelathini, hakuomba nipunguze hata mia.

Sijui kama imewahi kulia huko Ugalla.
Habari za porini hufika mjini zimechoka.
Nta yake bado iko rafuni, karibu na kopo la gundi.
Sasa ni Oktoba, bati linachemka,
na kila mchana mabonde yale yanajaa kidogo, yanajaa kidogo.
Katuta ka pete ndiko kalikotangulia kupotea.