Mfua Jezi wa Uvinza

Jumapili nashuka Ruchugi na karai kichwani,
jezi kumi na nne, soksi zisizo na pacha,
vipande viwili vya sabuni ya mche, kwa mkopo.
Jana tumefungwa nne, tena nyumbani.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliosema.
Sisi tumecheza kwetu tukarushiwa maganda ya miwa.

Juu kule, chumba cha nyuma ya stesheni,
kamati imekaa tangu misa ya kwanza.
Afukuzwe. Asifukuzwe.
Mechi saba, pointi moja,
na hiyo moja tulipewa na mvua.

Mji huu umechemsha chumvi tangu enzi za mababu,
hatuwezi kusimulia jambo bila kuitia.
Juzi sokoni kocha Ruhinda alikuwa mlevi,
jana amehongwa na watu wa Nguruka,
kesho, subiri tu, watasema hata mpira hakuwahi kuugusa.
Mwezi wa tatu hao hao walimbeba juu juu
mpaka kiatu chake kimoja kikapotea.
Hakuna aliyekirudisha.

Mimi mpira siujui sana.
Kuotea nilielezwa mara tatu, nikaacha kuuliza.
Lakini nguo nazijua.
Jasho likikauka huacha mstari mweupe mgongoni
kama ukingo wa bwawa la chumvi kiwandani,
na mtu aliyekimbia dakika tisini namjua kwa kidole,
gizani.

Namba nne: chumvi tupu. Nasuuza maji matatu.
Namba moja, ya Bukuru, ina tope mpaka kwapani
na damu kidogo ya kiwiko.
Namba saba imechanika, nitaishona.
Namba tisa
inanukia marashi.
Wiki ya saba hii nafua nguo safi.
Tisa ni Yoramu,
Yoramu ni mtoto wa dada yake mwenyekiti,
na mwenyekiti ndiye anayegonga meza kule juu
akiuliza kwa nini magoli hayapatikani.

Basi utasema kocha hana kosa.
Analo.
Yeye ndiye anayeandika majina ubaoni,
chaki ni yake, mkono ni wake.
Angeiruka ile tisa hata mara moja
tuone kama mbingu itaanguka.
Na Bukuru alimchezesha na goti limevimba
kama papai.
Ila miezi minne hajalipwa,
na sabuni ya mwezi uliopita
alinilipia yeye, akahesabu sarafu mara mbili.

Ya mwisho karaini ni suruali yake ya mazoezi.
Nimekwisha kuitumbukiza ndipo nahisi kitu mfukoni,
karatasi, imekunjwa mara nne.
Naomba kujiuzulu kwa hiari yangu,
hapo wino umeanza kukimbia,
bluu inateremka Ruchugi kuifuata Malagarasi,
"sababu" imekwenda, "familia" imekwenda,
imebaki tarehe: ya wiki tatu nyuma.

Wiki tatu anatembea nayo!
Amesimama nayo pembeni ya uwanja,
amepuliza filimbi nayo, amezomewa nayo,
na hajaitoa.

Ningeweza kuinyanyua, kuianika juu ya jiwe.
Jua lilikuwepo.
Nilisugua.

Jumanne mazoezini nikamkabidhi suruali, imepigwa pasi.
Akaingiza mkono mfukoni. Akautoa.
Akanitazama.
Nikamwambia, sabuni ya mwezi huu bado deni.
Kamati, nasikia, wamegawanyika nne kwa nne,
wameahirisha mpaka baada ya Nguruka.

Akageukia ubao.
Akaandika moja, mbili, mpaka nane,
chaki ikasimama.
Vijana kimya, hata Yoramu.
Mimi nilikuwa nimeinama kwenye karai,
natafuta pacha wa soksi.