Nusu Mlingoti

Alhamisi usiku walitangaza Malkia amekufa.
Ijumaa alfajiri bibi yangu naye akafuata,
si kwa kumjua, wala si kwa kumpenda,
ila mauti hayana adabu ya foleni.

Kabla ya sala ya Ijumaa tulishamwosha.
Vipande vitano vya sanda, pamba, kafuri,
na alasiri watu wa Langoni walikuwa wamerudi makwao
wakikung'uta mchanga viatuni.

Malkia, yeye, ndiyo kwanza anaanza safari.
Jeneza likapandishwa gari, likashushwa,
likasimamishwa katikati ya ukumbi,
na watu wakapanga mstari usiku kucha,
na mablanketi yao, na chai za chupa,
wapite, wainamishe kichwa, waende.
Shangazi Mwanamize, siku ya tatu ya matanga,
akichungulia televisheni ya jirani iliyozimwa sauti
kwa heshima ya marehemu wetu, akauliza:
"Hawajamzika bado?
Masikini. Amewakosea nini?"

Barazani wanaume walikuwa na yao.
Bwana Kassimu, karani mstaafu wa forodha,
alisema yule mama alikuwa na subira,
miaka sabini kitini bila kupiga mwayo hadharani.
"Kwa kiti kile," akasema Fundi Lali, "hata mimi ningesubiri."
Mbwana, aliyetoka chuo kikuu juzi, akafungua simu:
almasi ile ya nani, ardhi ile ya nani,
na mbona hakuomba radhi.
Maalimu akaweka kikombe cha kahawa chini.
"Maiti hatetwi."
"Simteti, maalimu. Nasoma risiti."
Mtu akauliza kama Jumatatu ni likizo.

Mimi nilikuwa jikoni, na siri yangu.

Kuna kikombe humu ndani, cha kauri, mkono umevunjika,
taji limefutika kwa kusuguliwa majivu,
uso umebaki nusu.
Watoto walipewa mwaka ule wa kutawazwa,
kimoja kimoja, na peremende tatu ndani,
wakasimamishwa mbele ya Ngome na vibendera vya karatasi
waimbe wimbo wasioujua maana.
Mwaka huo, au uliofuata, bibi hakuwa na hakika,
baba yake alikuwa akipeleka mapipa ya maji Manda
kwa watu wa bara waliofungiwa nyuma ya seng'enge.
Akakichukua kikombe kuchotea.
Mmoja wao akakigeuza, akautazama ule uso,
akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu,
akanywa kwa viganja.
Bibi alituhadithia mara moja tu,
kisha akaendelea kupimia mchele.

Ijumaa ile kata ya kuoshea haikuonekana.
Bi Rukia Famau akanyosha mkono bila kugeuka:
"Nipe chochote, maji yanapoa."
Nikampa kilichokuwa karibu.
Upande wa kulia, upande wa kushoto,
ule uso nusu ukipanda na kushuka juu ya bibi yangu,
maji yakitoka taratibu, kama ya mtu anayehudumu.
Sijui kama hiyo ni kisasi au ni msamaha.
Sikumwambia mtu.

Jumamosi Athmani, miaka sita, alirudi mbio
kutoka ofisi ya serikali kule ufukoni:
"Wameishusha bendera mpaka katikati!
Nani kawaambia bibi amekufa?"

Baraza zima likanyamaza.
Mbwana akafungua mdomo, akaufunga.
Bwana Kassimu akakohoa, akatengeneza kofia:
"Habari hufika, mwanangu."
Athmani akaridhika. Alitaka kujua tu
itapandishwa lini,
na kwa nini mlinzi hakuja kula wali wa matanga.

Kikombe nimekirudisha ndani ya gunia.
Leo nimepima vitatu, kwa mazoea,
nikasimama hapo kidogo,
nikamwaga kimoja nikakirudisha.