Msumeno wa Chaula

Mafinga, saa kumi na mbili kasorobo,
msumeno wa Chaula ulikuwa ukimaliza gogo la mwisho.
Ulilia kwanza kwa hasira, kisha kwa kuomboleza,
kisha ukashusha pumzi,
na kimya kikatua juu ya vumbi la mbao
kama kuku arudiye kwenye mayai yake.

Mimi, bila kuambiwa, nilikuwa nimeshakaa.
Daftari la Jiografia wazi, kalamu mdomoni,
sweta la shule likinuka utomvu wa msindano.
Mama akawaambia majirani: huyu ana moyo wa kusoma.
Nami nikaamini ni moyo.

Mwaka ule moto ukala miti mlima mzima.
Chaula akafunga. Mashine ikaenda Makambako,
ikauzwa chuma, kwa kilo.
Kukawa kimya asubuhi, kimya mchana,
kimya kilichoshinda nyumbani kutwa nzima
na hivyo jioni hakikuja tena.

Nilikaa na daftari lilelile.
Maneno yakawa siafu wa njia nyingine,
yanapita, hayaniumi.
Mwalimu Luhwago alinichapa nne.
Ripoti ikasema: Ana uwezo. Hana juhudi.
Mama akaleta mafuta ya upako,
paji likang'aa kama andazi,
na mito ya Afrika ikaendelea kumwagika
popote ilipotaka.

Mei, ukungu mlangoni, nimetumwa kusaga.
Debe la mwisho lilikuwa letu.
Mashine ikakohoa, ikatikisa bati, ikazimika.
Na mkono wangu, sikuutuma,
ukazama kwenye mfuko wa unga
kutafuta kalamu.

Nilicheka peke yangu, mweupe hadi kiwiko.
Kidato cha nne nimekisomea pale,
juu ya gunia la pumba,
nikingoja wazime.

Leo ni Desemba. Ripoti arobaini na mbili mezani,
chai imepoa, kalamu nyekundu.
Ezelina Mgaya: alikuwa wa tano,
sasa wa thelathini na nane.
Nimeshaandika Ana uwezo.
Kalamu imeganda kwenye nukta.

Ezelina, kwenu kumezimika nini?
Au ni nini, siku hizi,
kisichozimwa?